Mto Luvu, Saa Saba Mchana

Harufu ya makopa yanayoanikwa juani hunikumbusha redio. Najua hamtanielewa mpaka niwaambie habari za babu yangu, mzee Kondo, na ungo wa bibi. Kila asubuhi bibi alipoanika makopa ya muhogo uani kwetu Fukayosi, babu alikuja na betri nne za redio yake, akazipanga pembeni mwa ungo uleule, kisha akakaa kuzilinda kuku wasizidonoe. Aliamini kwamba betri ikipata jua inapata nguvu ya kusema tena. Bibi alilalamika kuwa ugali wetu unanuka chuma. Babu alimjibu kwamba ugali haujawahi kumpa mtu habari za dunia.

Ilipokaribia saa saba mchana, betri zilirudishwa tumboni mwa redio zikiwa bado na joto, kifuniko kikafungwa kwa mpira wa baiskeli, na majirani wakaanza kuingia uani na vigoda vyao. "Nyamazeni!" babu alifoka, hata kama hakuna aliyekuwa akisema. "Ledio inataka kuongea." Kisha tukamsikia yeye: "Hii ni taarifa ya habari, msomaji ni Mwanakombo Pazi." Babu alitutazama mmoja mmoja kama vile yeye ndiye aliyemtuma kuisoma. "Mtoto wa kwetu huyo," alisema. Alisema hivyo kila siku, na kila siku tulifurahi upya.

Bi Mwanakombo alifariki mwezi uliopita. Wenzangu wa rika langu najua mlimlia, maana nchi nzima ilimjua kwa sauti tu: sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, inayoipa kila herufi haki yake. Walimu walituambia tukitaka kujua neno linatamkwaje, tumsubiri Bi Mwanakombo alitamke. Mabishano ya vibarazani yalikatwa kwa jina lake. Alipozikwa, magari yalipangana kutoka shuleni mpaka barabarani, na wakubwa waliokuja sijawahi kuwaona Fukayosi kwa wingi ule.

Kabla ya hapo ulikuwapo ugomvi wa nani mwenye marehemu. Bagamoyo mjini walidai ni wao, kwa sababu alisoma kule. Chalinze walidai ni wao, kwa sababu alifundisha pale miaka miwili kabla redio haijamchukua. Hata Saadani walituma ujumbe kwamba mama yake alikuwa na shangazi kule, kwa hiyo wasisahauliwe kwenye matangazo. Sisi wa Fukayosi tuliudhika sana, kwani alizaliwa kwetu na kitovu chake kimezikwa kwetu. Mimi nilikua nikisikia wazee wakisimulia jinsi walivyompakia kwenye baiskeli kumpeleka shule. Ukiwajumlisha wote waliompakia, babu akiwamo, utaona mtoto yule hakuwahi kukanyaga ardhi.

Sasa niwaambie kilichonifunga naye.

Mimi naitwa Rehema, lakini mpaka naanza darasa la kwanza nilijua naitwa Lehema. Nyumbani hakuna aliyeniita vingine. Lugha yetu ya Kikwere haina haja na herufi R, na ulimi uliolelewa kwa Kikwere ukikutana nayo unaipita pembeni. Tulisema habali, balabala, kalatasi, na tulielewana vizuri tu. Niliposimama siku ya kwanza mbele ya Mwalimu Anjelina, aliyetokea Moshi na kuipenda kazi yake kupita kiasi, akaniuliza jina langu, nikamwambia, naye akaandika L kwenye daftari la mahudhurio. Alikuja kuifuta baada ya kuona cheti changu cha kliniki.

Kusoma, hata hivyo, nilikuwa hodari. Nilipofika darasa la tano, barua zote za mtaa wetu zilipita mikononi mwangu. Mama aliyepata barua ya mwanawe kutoka Dar es Salaam alinifuata mimi, nami nilimsomea bila kukwama, nikipunguza sauti penye mambo ya aibu na kuipandisha penye salamu. Nilikuwa na cheo changu kijijini, na nilikipenda. Ndiyo maana shule ilipojenga darasa jipya kwa matofali ya wazazi wetu, na ikasikika kwamba mgeni rasmi wa kulifungua ni Bi Mwanakombo Pazi mwenyewe, Mwalimu Anjelina hakusita. Risala itasomwa na Rehema.

Wiki tatu alinifanyisha mazoezi. Aliniwekea kijiti cha chelewa kati ya meno, akaniambia niseme "rarua, rudi, rafiki" mpaka mate yakanichuruzika. Nikisema polepole, R ilikuja. Mwalimu alipiga makofi, na mimi nikaenda nyumbani nikiwarukia kuku na R zangu. Babu alisikiliza akatikisa kichwa. "Unanguruma kama gari la mchanga," akasema, lakini niliona amefurahi.

Siku ilipofika, niliona kwa mara ya kwanza kwamba sauti ina mwili. Bi Mwanakombo alikuwa mfupi, mnene kiasi, amevaa gauni la kitenge na kujitanda mtandio mweupe, na mkoba mweusi umekaa mapajani. Sijui nilitarajia nini. Pembeni yake walikaa wageni wa wilayani na wake zao. Nilitembea mpaka mbele na karatasi yangu, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, mheshimiwa mgeni lasmi."

Nilijisikia mwenyewe. Mgeni mmoja wa kike alicheka kidogo akiziba mdomo. Nikafungua karatasi kwa haraka ili nipite hapo: "Lisala ya wanafunzi..." Hapo kicheko kikatoka upande wa watoto wa walimu, kikahamia kwa wenzangu, wale wale waliosema habali tangu kuzaliwa kwao. Hao ndio walionichoma. Nilizidi kukimbia na maneno, na kadiri nilivyokimbia ndivyo R zote za Mwalimu Anjelina zilivyonitoroka. Nilifika penye shida za shule yetu, penye mto ambao karatasi iliuandika Ruvu: "Mto Luvu unapofulika, wanafunzi wa upande wa pili..." Uwanja mzima ulicheka. Sikumaliza sentensi. Nilishika karatasi yangu nikakimbia mpaka nyumbani, nikajificha nyuma ya jiko la bibi, na shuleni mwalimu mkuu akamalizia kwa kubahatisha.

Sikujua nilikaa pale muda gani. Nilisikia babu akikohoa kile kikohozi chake cha kumkaribisha mtu wa heshima, na ile sauti ya saa saba mchana ikasema uani kwetu, "Shikamoo, Mzee Kondo." Babu akajibu marahaba, nikamsikia akiburuta kigoda cha kumkaribisha. Bi Mwanakombo akaja mpaka nyuma ya jiko, akachuchumaa kwenye majivu na gauni lake zuri.

"Lehema," aliniita. Nikashtuka, maana aliliita kama linavyoitwa nyumbani. "Ulikuwa umefika wapi?"

"Kwenye Luvu," nikamwambia kwa kwikwi.

"Nipe hiyo kalatasi, mwanangu." Alisema hivyo hivyo, kalatasi, kwa sauti ile ile ya redio, nikamtazama kuona kama ananidhihaki. Hakuwa akicheka. Akaikunja mara nne akaitia kwenye mkoba. "Nitakumalizia," akasema, akainuka akipangusa majivu, akaenda zake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitulia. Hapana. Kuanzia kesho yake niliacha kusema shuleni. Jina langu likiitwa kwenye mahudhurio nilinyoosha mkono tu. Mwalimu Anjelina alinibembeleza, akanikaripia, mwisho akalia, nami nikakaza mdomo. Kilichomuumiza babu zaidi ni barua. Mama mmoja jirani alikuja na bahasha ya mwanawe, nikaikataa mbele ya watu. Akarudi nayo imefungwa, akakaa nayo siku nne mpaka akapata mtu wa kumsomea. Bibi alisema ni haya za kitoto, zitapita. Babu nilimsikia akimwomba Mungu asinifanye bubu wa kujitakia.

Kisha mvua za masika zikaja. Betri hazikupata jua, redio ilikoroma, na babu aliishika karibu na sikio lake huku sisi wengine tukibanana mlangoni. Siku hiyo ilikuwa habari baada ya habari, wakubwa wamesafiri, wakubwa wamerudi. Halafu Bi Mwanakombo akasema kwa utulivu wake wote:

"Mto Luvu umefurika. Wanafunzi wa upande wa pili wa mto huo, katika kijiji cha Fukayosi, wameshindwa kufika shuleni kwa wiki nzima."

Luvu. Si mara moja. Katika habari ile alilitaja jina la mto mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa Luvu. Furika aliitamka sawasawa, wiki, wanafunzi, kila kitu sawasawa. Babu aliishusha redio akaniangalia. "Umemsikia?" akaniuliza. "Amekosea," nikasema, na yalikuwa maneno yangu ya kwanza kusemwa mbele ya majirani tangu siku ya risala. "Bi Mwanakombo amekosea, babu! Amekosea kama mimi!" Nilikuwa nikicheka na kulia pamoja. Jioni ile nilikwenda mwenyewe kwa yule mama jirani, nikamwambia alete ile barua, nimsomee tena kwa sauti yangu.

Tangu hapo niliishi na siri hiyo kwa fahari kubwa. Msomaji mkuu wa nchi alikosea hewani kwa ajili yangu, akaubeba mzigo wangu mbele ya watu wote. R nilikuja kuijua baadaye, kwa wakati wake, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na kila mwaka nina mtoto wa darasa la kwanza anayesema habali, naye huwa simcheki.

Kwa hiyo kamati ya mazishi iliponiomba nisome wasifu wa marehemu, na nikaona wameandika, "Katika utumishi wake wote hakuwahi kukosea kutamka hata neno moja," niliguna. Nilikusudia kuiruka sentensi hiyo. Sikutaka kusema uongo juu ya jeneza lake, na makosa yale yalikuwa yangu, zawadi niliyopewa.

Asubuhi ya mazishi nilimwambia hayo mdogo wake, Bi Mwajuma, tulipokuwa jikoni msibani tukichambua mchele. Alinisikiliza akiokota mawe, kisha akafuta mikono kwenye khanga akaingia ndani. Alirudi na karatasi mbili za zamani zilizopigwa chapa. Ya kwanza ilitoka kwa mkubwa wake wa kazi, ikimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini ametamka jina la mto kimakosa mara tatu katika taarifa moja. Ya pili ilikuwa nakala ya jibu lake. Lilikuwa fupi: "Sikukosea. Nilizaliwa ng'ambo ya mto huo. Waliokuwapo kabla ya ramani wanauita Luvu, na leo nilikuwa nawasomea wao."

"Walimtoa kwenye taarifa ya habari miezi miwili, ninyi mkaambiwa yuko likizo," Bi Mwajuma akasema. "Hakuona haya hata kidogo. Alikuja kupumzika hapa, akala makopa akanenepa."

Nilikaa na ule mchele mapajani nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga miaka yote hii. Mimi nilidhani ameshuka akachuchumaa kwenye majivu pamoja nami, tukawa wakosaji wawili. Kumbe alinikuta nimesimama mahali sahihi, nikakimbia mwenyewe. Babu alilijua jina la mto wake, bibi alilijua, mimi nililisema mbele ya wageni kama lilivyo, wakacheka wote isipokuwa mtu mmoja aliyekaa na mkoba mapajani. Nilijisikia fahari kwa ajili yake, na kwa ajili ya nyumba yetu yenye ugali wa kunuka chuma.

Mchana niliitwa mbele. Wakubwa walikuwa wamekaa chini ya turubai, na wanafunzi wangu wamesimama pembeni na sare zao. Sikuruka sentensi yoyote. Nilisoma kwamba hakuwahi kukosea kutamka hata neno moja, nikaisoma polepole ili kila mtu aisikie. Nilipofika mahali alipozaliwa, kamati ilikuwa imeandika Ruvu, na ulimi wangu siku hizi unaiweza sana R hiyo.

"Alizaliwa Fukayosi," nilisoma, "ng'ambo ya mto Luvu."

Ofisa mmoja aliinua macho. Upande wa kina mama mtu akaitikia, "Ndiyo, Lehema." Hakuna aliyecheka, nami niliendelea kusoma karatasi yangu mpaka mwisho.