Duane Chini ya Rododendroni

Basi liliniacha njia panda, mvua ya Oregon ikinyesha kivivu. Nilipofika kwa Lorna Kettleby, ambako nilikuwa nimepanga chumba cha juu, nilimkuta mwanamke mwingine amepiga magoti bustanini, anakwaruza tawi la kichaka kwa ukucha.

"Usikanyage hapo, mgeni," alisema bila kugeuka.

Huyo ndiye Marit Sundquist. Alikuwa mpishi kwenye meli za uvuvi mpaka mgongo ulipomgomea. Sasa watu humwita miti yao inapokauka bila sababu. Hashughuliki kwanza na tawi lililokufa. Huanza na lililo hai, hushuka nalo mpaka uhai unapoishia. Kisha huuliza mmemwaga nini hapa, na kila nyumba humjibu hakuna.

Lorna naye alijibu hivyo hivyo, mikono kaificha kwapani. Rododendroni ile, kichaka cha maua kirefu kupita dirisha, aliipanda marehemu mumewe, Duane. Tangu Lorna aanze kutoka na Virgil, fundi wa boti, upande wa kichaka unaotazama dirisha la chumba chake cha kulala ulikuwa ukikauka tawi baada ya tawi.

"Niambie ni wadudu, Marit. Niambie ni ukungu. Chochote."

"Shoga, wadudu gani hao wa kuchagua dirisha?"

Marit akachimba. Chini ya majani yaliyooza palikuwa na tabaka la kijivu, gumu kama saruji. Alilimega, akalinusa.

"Lorna, nini hii?"

"Duane."

Mwili wa mumewe ulichomwa, na majivu yote aliyamwaga mwenyewe hapo, mahali pamoja, ili amlaze karibu.

"Majivu ya mtu yana chumvi kali," Marit alisema taratibu. "Yanaunguza mizizi. Hakuna aliyekasirika hapa. Tuyatoe, tuyatawanye mbali, kichaka kitachipua."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni chumvi, Lorna."

"Chumvi ya nani?"

Marit akafuta mikono kwenye suruali.

"Yaache," Lorna alisema.

"Kitakufa chote."

"Si ndivyo anavyotaka?"

Marit alirudisha udongo kwa viganja, akakusanya vyombo vyake. Alipowasha gari, Lorna alikuwa tayari jikoni, dirisha wazi, simu sikioni. "Virgil, usilete samaki leo. Hapana, siumwi. Wala kesho."

Marit alisikia. Akaondoa gari. Nilibaki mlangoni na begi langu, sijui kama nibishe hodi.