Hukumu ya Anwar na Ini la Vingunguti

Kokushubila alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na nane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuamua chochote. Kazi yake ilikuwa kuita majina, kupanga majalada na kuandika yaliyosemwa na wengine. Mahakimu walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki palepale na kalamu yake, akiamini kimoyomoyo kwamba kesi nyingi angezikata vizuri kuliko waliozikata. Alipostaafu, yeye na mumewe Albano walihamia nyumba yao ya Kiwalani, nyuma kidogo ya reli. Albano alipanda mchicha akaridhika. Kokushubila alivumilia mchicha kwa miezi minne, kisha akaanza kwenda uwanjani.

Mpira wenyewe hakuujua. Alifuata kelele tu, akakuta mashabiki wa Relini Stars, timu ya mtaa, wakifanya kikao kando ya goli bila mtu hata mmoja wa kuandika muhtasari. Jambo hilo lilimuumiza sana. Akajitolea kuandika, na kabla ya mwaka kwisha akawa mwenyekiti wa mashabiki. Watu wakamwita Mama Koku, na wachezaji wakamwamkia kabla hawajamwamkia kocha.

Relini Stars ilikuwa na mshambuliaji mmoja, Anwar, ambaye ndiye alikuwa timu. Wengine kumi walikuwa wanampelekea mpira. Mwaka huo aliwafikisha fainali ya ndondo, mashindano ya timu za mitaani, na zawadi ilikuwa ng'ombe mzima, dume jekundu lililofungwa nyuma ya goli tangu asubuhi ili kila mtu alione. Wapinzani wao walikuwa vijana wa Vingunguti. Dakika ya mwisho, wakiwa sare ya bao moja kwa moja, Relini wakapata penalti. Anwar akaiweka vizuri, akarudi nyuma hatua sita, akapiga mpira mwepesi ambao kipa wa Vingunguti aliudaka kama mtu anayepokea mkate. Vingunguti wakashinda kwa mikwaju ya matuta na kuondoka na dume lao wakiimba.

Hilo lingesahaulika. Lakini siku mbili baadaye picha ilianza kuzunguka kwenye simu. Ilionyesha shughuli ya ushindi huko Vingunguti, masinia yamepangwa, na katikati ya watu ameketi Anwar, amejaza mdomo. Mbele yake palikuwa na sahani ya ini la lile dume.

Kiwalani ilizizima; watu wakasema Anwar aliwauza. Mashabiki walikutana siku hiyohiyo wakamsimamisha Anwar, na Mama Koku akaandika kwa mkono wake kwamba hatacheza hadi mashabiki watakapoamua vinginevyo. Aliandika kwa uchungu, maana alikuwa ameshanunua mkungu mzima wa ndizi za kupika pamoja na nyama ya dume lile, na wiki nzima yeye na Albano walizila na dagaa.

Mechi nne zilizofuata, Relini walifungwa zote. Ndipo baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba binadamu hukosea.

Kikao cha kujadili msamaha kilifanyika Jumapili mchana katika chumba cha tuisheni cha mwalimu Gibson. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili, kwa hiyo watu wazima waliketi magoti yakiwa karibu na masikio. Anwar alisimama ubaoni. Mama Koku alivaa koti lake la kazini, akagonga meza kwa kopo la chaki, akatangaza kwamba shauri linaanza.

Aliyekuwa mkali kuliko wote ni mzee Salumu, fundi cherehani, mzaliwa wa mjini, mtu aliyeshona jezi za kwanza za timu hiyo. Alizungumza kwa utulivu, na utulivu wake ndio uliowatisha watu.

"Penalti mtu anaweza kukosa kwa bahati mbaya," alisema. "Ini halimwingii mtu mdomoni kwa bahati mbaya."

Anwar alijitetea kwamba alialikwa na mjomba wake anayekaa Vingunguti, akaambiwa kuna shughuli, akafika, akaona sinia, akakaa. Hakuuliza shughuli ya nini, kwa sababu kwao mtu akikaribishwa chakula haulizi.

"Mama, ile nyama haikuvaa jezi," alisema. "Mie ningejuaje?"

Mwalimu Gibson alitaka asamehewe, na alileta hesabu. Aliandika ubaoni kwamba bila Anwar timu imefungwa mabao kumi na manne na imepata moja, na hilo moja alijifunga beki wa timu pinzani. Mzee Salumu akajibu kuwa heshima haihesabiwi ubaoni.

Baada ya hapo yakaja mapendekezo. Mmoja alitaka Anwar asamehewe kwa mechi za ugenini tu, ili wao wa nyumbani wasimwone. Mwingine alitaka asamehewe kipindi cha kwanza peke yake. Noela, muuza vitumbua ambaye sauti yake ilikuwa inasikika uwanja mzima, alipendekeza Anwar asile nyama mpaka msimu uishe. Anwar alikubali haraka sana, na mzee Salumu akasema haraka hiyo ni dalili kwamba atakula kwa siri. Kisha bwana mmoja wa nyuma akauliza: kama Anwar angefunga ile penalti, si ng'ombe angekuwa wao, na Anwar si angepewa ini? Sasa kama ini lilikuwa lake tangu mwanzo, ameiba nini? Hoja hii ilichukua dakika arobaini, kwa sababu hakuna aliyeielewa na kila mtu alikuwa na jibu.

Walipopiga kura, kumi na saba walitaka asamehewe na kumi na saba walikataa. Mama Koku, kama mwenyekiti, hakuwa amepiga. Chumba kikamgeukia. Mzee Salumu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mama anajua sheria, aamue yeye, nao watakubali.

Mama Koku aliziangalia karatasi zake. Angeweza kusema neno moja pale, watu wakaenda nyumbani. Badala yake alikohoa, akasema kwamba hukumu itasomwa Jumamosi saa tisa alasiri, uwanjani, saa nzima kabla ya mechi.

Aliandika tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Alianza na historia ya timu. Ukurasa wa pili alikiri wazi kwamba yeye mwenyewe ana maslahi katika shauri hili, na akaeleza habari za mkungu wa ndizi. Alichambua penalti kwa kurasa tatu na ini kwa kurasa tano. Alipomsomea Albano sebuleni, mume wake alisinzia ukurasa wa nne, akaamka ukurasa wa kumi na tano akauliza kama kijana ameachiwa. Mama Koku akamwambia kwamba bado wako kwenye sinia. Hukumu ilimalizika ukurasa wa ishirini na tatu.

Jumamosi, waandaaji wa mashindano walibadilisha ratiba. Kanisa moja lilikuwa limeomba uwanja kwa ajili ya mkutano wa injili jioni, kwa hiyo mechi iliyokuwa ianze saa kumi ikasogezwa hadi saa tisa kamili. Mama Koku alifika na koti lake na karatasi zake akakuta timu zimeshapanga mstari. Kocha wa Relini, mtu mpole aliyewaogopa mashabiki, alikuwa ameandika jina la Anwar kwenye akiba. Alimsihi mama aseme uamuzi tu, mambo mengine yatasomwa baadaye.

"Kocha, hukumu haianzi mwishoni," alijibu Mama Koku, na refa akapuliza filimbi.

Basi alisoma akiwa amesimama juu ya kreti la soda kando ya benchi, mashabiki wamemzunguka, nusu wakimsikiliza na nusu wakichungulia mpira juu ya mabega yake. Alipofika kwenye kuanzishwa kwa timu, Relini walikuwa wamefungwa bao moja. Alipofika kwenye kurasa za penalti lilikuwa limeingia la pili. Anwar alikaa kwenye benchi amevaa jezi, viatu vimefungwa, akimtazama mama kama mgonjwa anavyomtazama daktari asiyemaliza kusoma vipimo. Mapumziko yalipofika, wachezaji nao walikuja kusikiliza, wakarudi uwanjani wakiwa bado hawajui.

Bao la tatu liliingia ukurasa wa kumi na nane. Noela aliangua kilio. Mwalimu Gibson aliomba kwa adabu kwamba kurasa mbili zirukwe. Hata mzee Salumu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, alisogea akanong'ona kwamba yeye kwa upande wake yuko tayari kusamehe hata sasa hivi, mama ateremke tu.

Mama Koku aliwasikia wote. Baadaye alimwambia Albano kwamba alitamani sana kuruka. Lakini aliinua macho akaona watu wazima zaidi ya thelathini wamekodoa macho kwenye midomo yake, wakingoja neno lake yeye, si la mtu mwingine, na akashindwa kulikatisha jambo lile. Alisoma kila mstari. Dakika ya sabini na tano alifika mwisho:

"Kwa hiyo, mashabiki wa Relini Stars wanaona kwamba Anwar alikosa, lakini hakukusudia. Anasamehewa, kipindi cha kwanza na cha pili, nyumbani na ugenini."

Kocha hakungoja hata nukta. Anwar aliingia mbio kabla aliyetolewa hajatoka vizuri, refa akamrudisha, akaingia tena. Dakika mbili baadaye alifunga. Dakika ya themanini na nne akafunga la pili kwa kichwa, na watu wa Kiwalani wakaanza kukumbatiana na wageni. Kisha, dakika ya tisini, beki mmoja akamwangusha ndani ya eneo la hatari. Penalti.

Wachezaji wa Relini walitazamana, kisha wakamtazama Mama Koku, kana kwamba naye ni refa. Yeye akapekua karatasi zake. Kurasa ishirini na tatu, na hakuna mahali alipogusia nani apige penalti zijazo.

Anwar alichukua mpira mwenyewe. Akarudi nyuma hatua sita. Akapiga, na mpira ukapaa juu ya goli, ukavuka ukuta, ukatua kwenye paa la bati la nyumba ya jirani, wakausikia ukibingirika mpaka chini.

Anwar alipiga magoti akalia. Hakulia kama mtu anayeigiza. Alilia kamasi zikamtoka, akapiga nyasi kwa ngumi, akasema kwamba mguu wake haujui penalti, haujawahi kujua, tangu utotoni alikuwaga anazikosa na kuona aibu kusema, maana watu wanamwita nyota.

Ndipo Kiwalani nzima ilipoelewa. Hakuwahi kuwauza. Hajui tu kupiga penalti. Mzee Salumu ndiye wa kwanza kuingia uwanjani, mkanda wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Alimshika kijana bega, akamwinua, akamfuta uso kwa ncha ya kanzu yake. Relini walifungwa tatu kwa mbili, na watu wakaondoka wakicheka kuliko walivyocheka siku walizoshinda.

Mama Koku alitoa kalamu papo hapo, juu ya lile kreti, akaongeza aya ya mwisho: mshtakiwa amepigwa marufuku kukaribia penalti maisha yake yote, na anaruhusiwa kula ini popote atakapokaribishwa. Anwar alitia sahihi kwa furaha.

Jumatatu asubuhi Albano alikuwa anamwagilia mchicha alipoona watu wawili wamesimama getini. Walikuwa ni majirani kutoka ng'ambo ya reli, wanagombania bomba la maji linalopita katikati ya viwanja vyao. Walisema wamesikia kwamba hapa kuna mama anasikiliza mtu mpaka mwisho. Kokushubila alitoka ndani amevaa koti, akawaamkia, akawaomba wakae, akauliza nani kati yao ni mlalamikaji.