Raba namba nane tulizovaa kwa zamu

Admin, nifiche jina. Na vijana mnisamehe kwa urefu wa maelezo, naandika kwa kidole kimoja. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, naishi Igogo hapa Mwanza na mke wangu tuliyeoana miaka arobaini na kitu iliyopita. Nina wivu. Nimeanza na hilo ili asiyetaka kusoma mambo ya mzee mwenye wivu apite zake mapema.

Miaka ya Ujamaa nilisoma chuo cha ualimu hapa hapa Mwanza, nikawa nacheza mpira wa kikapu. Nilikuwa yule anayepandisha mpira na kuwapangia wenzake. Nafasi hiyo tulikuwa wawili, mimi na kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, nimwite Kamugisha, ingawa si jina lake. Wakati huo raba zilikuwa adimu kama sabuni. Chuo kilipata jozi tisa kutoka duka la ushirika, na wachezaji tulikuwa kumi. Kwa kuwa mimi na Kamugisha sote tulivaa namba nane, mkuu wa chuo akasema, "Ninyi wawili mtavaa kijamaa." Watu wakacheka, na ikawa hivyo. Kipindi kimoja anavaa yeye, kingine navaa mimi, maana kiwanja kilikuwa cha saruji na jua la mchana huwezi kucheza peku. Miaka miwili tulikula sahani moja, lakini kwenye mechi hatukuwahi kuwa kiwanjani pamoja hata dakika moja.

Nisiwe mnyenyekevu wa uongo, nilikuwa na mkono mzuri kuliko yeye. Yeye alikuwa na mbio na bidii tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Siku moja akaja kocha mmoja mzungu, mgeni wa mkuu wa chuo. Tukaambiwa anatafuta kijana mmoja wa kwenda kusoma na kucheza kwao Ulaya. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Kamugisha, akacheza kama aliyepandwa na mashetani. Kila akifunga, mgeni anaandika. Mimi niko benchi miguu mitupu, namwomba Mungu ajikwae. Niliomba kweli, mimi mtoto wa kanisani.

Mapumziko akaja anatweta, akafungua kamba, akaziweka raba mbele yangu zikiwa bado na joto la miguu yake. "Haya ndugu yangu, zamu yako. Kamalize kazi."

Nikazitazama. Nikawaza kwamba nikiingia nikaboronga mbele ya yule mgeni, itajulikana moja kwa moja nani mkali kati yetu. Bora isijulikane. Nikamwambia, "Mguu unaniuma. Vaa wewe."

Mguu wangu ulikuwa mzima. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha machozi yakamlengalenga, akavaa. Alidhani nimemwachia.

Alichaguliwa yeye. Akasoma kule, halafu akachukuliwa na timu inayolipa wachezaji wake, akacheza miaka mingi. Kwetu wakati ule kulipwa kwa kucheza kulikuwa jambo geni, na mimi nilisimama mbele ya walimu wenzangu nikasema huo ni ubepari, ningekuwa mimi nisingekubali. Nyumbani nilikuwa na picha aliyonitumia, amevaa koti zito, nyuma yake theluji. Niliitazama mpaka pembe zikachakaa.

Baadaye akanitumia kifurushi. Ndani kulikuwa na raba nyeupe mpya, namba nane, na karatasi imeandikwa, "Hizi hutagawana na mtu." Tulikuwa ndio kwanza tumeoana, mke wangu akaniuliza mbona huzivai. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamwambia kwamba huyo aliniibia maisha yangu, kwamba siku ya mgeni zamu ilipokuwa yangu alikataa kuvua, na sasa ananiziba mdomo kwa raba. Mke wangu alinililia. Ilikuwa tamu, kuliliwa. Watoto walipokua nikawasimulia na wao, kila mara nikiongeza chumvi. Barua za Kamugisha nikaacha kuzijibu.

Sasa amestaafu, amerudi, amejenga Kiseke, hapa hapa Mwanza. Jumamosi ijayo kuna sherehe ya wachezaji wa zamani wa chuo, naye amenipigia simu. "Kaka, njoo na familia yako yote. Wanangu wamekua wakisikia habari za mtu aliyenivalisha raba siku ya zamu yake. Nataka nikusimamishe watu wakuone." Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Mwanangu wa kwanza alikuwa amekaa pembeni; maneno ya Kamugisha hakuyasikia, ila aliponiuliza nikamwambia ni yeye, anatualika sote kwenye sherehe. Ni mtu mzima, mpole, lakini kwa jambo hili damu humchemka. Akasema, "Baba, tutakwenda. Akisimama kuongea, na mimi nitasimama nimuulize kwa nini hakuvua." Mama yake amemuunga mkono, na kitenge cha siku hiyo ameshapeleka kwa fundi.

Nikikaa kimya, mtu aliyenishukuru kwa nusu karne ataaibishwa mbele ya wanawe. Nikisema, mke wangu atajua alimlilia mwoga. Na niwaambie lililo baya zaidi. Kinachonichoma kuliko yote ni kwamba nikisema ukweli, Kamugisha atazidi kuonekana mtu mwema. Hata leo, na mvi hizi.

Jana nilifungua sanduku, nikazivaa zile raba nyeupe kwa mara ya kwanza. Zinanitosha bado. Nilipopiga hatua ya pili soli zikapasuka, zilikuwa zimekauka kwa kukaa.

Ninyi ni wanangu na wajukuu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimwambie nani kwanza, mke wangu au yeye? Na naanzaje?