Kobe Aliyeitwa Ngojanione

Pale studio walimwita Kamusi, na ingawa alijifanya kukereka, jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuwapa wahusika wa katuni za ng'ambo maneno ya Kiswahili, na mara nyingine hata majina, maana majina ya huko yakifika huku hugoma kuchekesha. Kulikuwa na sungura mmoja ambaye kwao jina lake liliwavunja watu mbavu. Huku lilisikika kama dawa ya kikohozi.

Halafu akaja kobe. Huyu alikuwa wa mwisho kuelewa kila kitu: wenzake wakicheka mzaha leo, yeye anaucheka keshokutwa. Kwa waliomchora aliitwa kitu kinachofanana na chafya. Wafasiri wa lugha nyingine walikuwa wameshajitafutia njia zao, wengine wakamwita Bwana Kesho, wengine Supu Baridi, kila mtu na kinachomchekesha. Kamusi akapendekeza Polepole. Mkurugenzi wa sauti, mama asiyejua kupamba maneno, akamkata jicho.

"Kila kobe duniani anaitwa Polepole. Nataka jina ambalo mtoto atalisema hata akiwa bafuni. Halafu angalia mdomo wake, unafunguka mara tano. Usiniletee jina fupi, nitaonekana nimelala kazini."

Kamusi akatafuna kalamu, akaitazama picha mara ya pili na ya tatu, na jina likaja lenyewe. Ngojanione. Lilijaa mdomoni mwa kobe kama lilizaliwa humo.

Lakini halikuzaliwa humo. "Ngoja nione" lilikuwa neno la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi seremala aliyemlea tangu hajang'oa meno ya utoto. Kabla ya kukata ubao, kabla ya kujibu swali, kabla hata ya kupokea kikombe cha chai, shemeji hukohoa kikohozi kifupi na kusema, "Ngoja nione." Ndipo aone. Kamusi alimpa kobe neno hilo, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazama mfukoni mwa mwenzake, akachukua na kikohozi. Mwigizaji alipokijaribu mara ya kwanza, studio nzima iliangua kicheko. Siku hiyo alirudi nyumbani kichwa kimemvimba.

Katuni ikaenda hewani, na neno likahamia kwenye simu za watu. Ukichelewa kuelewa jambo kwenye kundi, unarushiwa stika ya kobe. Mtu mzito wa kufikiri akawa Ngojanione, tabia yake ikawa ungojanione, na wavivu wa kuandika wakalikata likabaki "nj" tu. Kamusi alikuwa akilifuatilia mitandaoni kama mama anayehesabu hatua za mtoto. Alicheka na kila mtu, mpaka Jumapili aliyokwenda kula kwa dada yake.

"Shemeji yako siku hizi ana jina jipya," dada yake alisema akipakua chakula, na hakuwa anacheka. Wateja walikuwa wamelisikia neno kinywani mwa fundi, basi wakamwita Ngojanione, ikawa raha yao. Mtu anaingia karakana na kuuliza kitanda chake kitakuwa tayari lini, makusudi, amsikie tu akijibu. Wengine walikuja na simu wakamrekodi. Mwanzoni fundi alicheka nao. Baadaye akaanza kujibu harakaharaka, bila kukohoa, bila kuangalia, na wiki ile alikuwa amekata mlango wa kabati ukawa mfupi kwa kiganja kizima. Tangu aanze ufundi hakuwahi kufanya kosa la namna hiyo.

Shemeji aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Shemeji, si wewe uko hukohuko kwenye mambo ya katuni? Humjui aliyemtungia yule kobe maneno?"

Alimuuliza kwa upole, akimtazama usoni. Kamusi naye akamwangalia.

"Kule tuko wengi, shemeji," akasema. "Nitauliza."

"Haya, uliza."

Nafsi ilimsuta kuanzia pale mezani. Kesho yake alimwomba mkurugenzi wambadilishe kobe jina, na mkurugenzi akamuuliza kama amerukwa na akili, jina lenyewe ndilo linalouza. Akajitetea peke yake, kwamba "ngoja" na "nione" ni maneno ya watu wote, hakuna mwenye hati nayo. Utetezi huo ulimfikisha hadi kwenye kikohozi, ukaishia hapo, maana kikohozi kilikuwa cha mtu mmoja tu. Tena alijua kitu ambacho mtandao haukukijua. Alipokuwa mdogo, kioo kilichotundikwa ukumbini kilianguka kikavunjika na nyumba nzima ikamrukia yeye, na dada yake alikuwa ameshashika kandambili mkononi. Shemeji peke yake ndiye aliyesema, "Ngoja nione," akaenda ukutani na kukuta msumari umelegea. Hilo ndilo neno aliloligeuza kuwa la mjinga.

Akapiga moyo konde, akaenda karakana siku ya kazi, wakati ambapo wateja ni wachache. Shemeji alikuwa kwenye msumeno, nyusi zimejaa unga wa mbao. Alipomwona alizima mashine.

"Shemeji, yule kobe ni wangu," Kamusi alisema kabla hajasalimia. "Mimi ndiye niliyeandika. Jina, kikohozi, vyote mimi."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Kile kikohozi nani mwingine anakijua?" Akajifuta mikono kwenye suruali. "Siku ya kwanza mimi na dada yako tulicheka mpaka machozi. Nilifurahi, shemeji. Nikasema, kumbe huyu mtoto alikuwa ananisikiliza. Haya ya watu yakaja baadaye, na hayo hukuyatuma wewe."

Kamusi akaanza kupumua.

"Nikasema atakuja aniambie mwenyewe. Hukuja. Ile Jumapili nikaona unapata shida kuanza, nikakufungulia mlango. Nikakuuliza. Ukaniangalia hivi, ukaniambia utauliza. Kobe nimemwelewa. Kazi ni kazi. Hilo la kuuliza ndilo sijalielewa mpaka leo."

Shemeji aliona Kamusi bado amesimama. Akavuta kigoda, akakipangusa unga wa mbao kwa kiganja chake, akamwekea karibu, kisha akarudi kwenye ubao wake. Kamusi hakuthubutu kukikalia.