Sili cha Dukani

Baada ya ule ukame wa miaka ya themanini, tulipopanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada, nilirudi nyumbani na hasira na hotuba. Nilitangaza kwamba boma letu halitakula tena kitu cha kununuliwa. Tungekula mbaazi zetu, kunde zetu, na muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa kuondoa maganda. Kutwanga sikukutaja, kwa sababu haikuwa kazi yangu.

Mke wangu aliuliza kama hata chumvi na sukari nimezifukuza. Kiburi kikanijibia: zote. Basi nikaletewa uji usio na sukari asubuhi na muthokoi usio na chumvi jioni, naye hakunung'unika hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku ya soko kule Tawa nilisema nakwenda kutafuta jembe. Nikaingia hotelini, nikaketi nyuma ya mlango, nikaagiza chai tamu na mayai ya kuchemsha. Nilikuwa nikinyunyiza chumvi kama anayepanda mbegu za wimbi, mke wangu alipoingia na kikapu cha mayai. Kumbe kila siku ya soko alimuuzia mwenye hoteli, kisha akanywa chai yake, yenye sukari.

Nikafunika sahani kwa kofia. Akaitazama ile kofia, akamwambia mwenye hoteli, "Usimcheke mzee wangu. Huyu hali cha dukani. Hayo mayai ni ya kuku wake."

Mwenye hoteli alicheka sana, lakini bei hakunipunguzia.