Mgonjwa Hachukuliwi kwa Kwata

Kwata nilifunzwa shuleni, kwa fimbo. Miguu mia, mshindo mmoja, jua la saa sita. Nyumbani neno likawa adhabu: mama akitutuma dukani mara nne kwa asubuhi moja, twasema leo katupigisha kwata.

Siku aliyobanwa na kifua, ambulensi ilikomea barabarani. Vichochoro vya mtaa wetu wa Kuze havipitishi gari. Muuguzi akaja kwa miguu na machela ya turubai. Nikawaita mahamali wanaoegesha mikokoteni mbele ya duka langu la leso. Nilitaka sita.

"Dada, sita watakwama kona ya kwanza," mkubwa wao akasema. "Wanne."

Mimi mzoea kupigana bei, siku hiyo nilikubali wanne bila kubisha.

Mpaka barabarani ni kona saba. Nilihesabu tena: saba. Nikatangulia, nikaita, "Kushoto! Kulia! Kushoto!" Wakanifuata vizuri mno, miguu minane, mshindo mmoja. Madirisha yakafunguka. Kona ya pili nikageuka. Machela ilikuwa ikimrusha mama kama ungo upetao mchele, na kila mruko ulimkata pumzi. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

"Nyamaza, dada!" mkubwa akafoka. "Mgonjwa hachukuliwi kwa kwata! Hiyo ni ya askari. Kila mtu na mguu wake!"

Wakaachanisha hatua, turubai likatulia. Lakini miguu ikisikilizana hurudi yenyewe kwenye mshindo mmoja. Kona ya nne nikausikia tena, na mama akashika miti ya machela kwa mikono miwili.

"Wazungumzishe, wapoteze hesabu!" mkubwa akaniambia.

Niwazungumzishe nini? Nikatoa nilicho nacho.

"Wewe wa nyuma, leso ya mkeo wataka kwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu hupati hata pindo! Na mwenzako?"

"Mimi sina mke."

"Basi wewe wahitaji mbili, za kutafutia."

Akacheka, akakosea hatua. Alhamdulillahi. Nikapigana bei nao mpaka kwenye ambulensi, macho kwenye kifua cha mama: chapanda, chakawia, chashuka.

Alipona, kwa kiasi. Yuko kwa dada yangu, mtaa wa Ganjoni, ghorofa ya chini, gari lafika mlangoni. Kila Ijumaa huuliza atarudi lini kwake, nami humwambia wiki ijayo. Daktari amesema kifua kitambana tena. Hatujamwambia. Nguo zake kaziacha mkobani, kabati hataki.