Spika Aliyoifufua Simioni

Simioni Waitara alijifunzia ufundi wa redio Musoma, kwa Mhindi mmoja aliyeuza baiskeli mbele ya duka na kutengeneza redio nyuma. Mhindi alipofunga duka akahamia ng'ambo, Simioni alirudi kwao upande wa Gorong'a na mita ndogo ya kupimia umeme, koleo, na pasi ya kulehemu ya kupashwa kwenye mkaa. Alijenga kibanda karibu na kanisa, kando ya barabara. Akifanya kazi alikuwa akiongea na redio kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi: "Simama, mama. Simama kidogo tu." Mkewe, Ghati, alimcheka kila siku na hakuchoka.

Mama yake, Mokami, alikaa ng'ambo ya mto, juu ya kilima, katika mji wa marehemu mumewe, yaani boma lake, pamoja na mdogo wake Simioni aitwaye Nashoni. Mokami hakubatizwa. Lakini Jumapili alivuka mto akaja kukaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, kwa ajili ya kwaya.

Kwaya hiyo ilikuwa na spika ambayo haikuwa na mwenzake huku kwetu. Mwalimu mmoja wa misheni, mzungu mpenda muziki, aliiacha alipoondoka. Ilikuwa sanduku la mbao iliyosuguliwa ikang'aa, kitambaa cha kahawia mbele, na amplifaya yake humo humo ndani, kwa nyuma. Ukiipa betri ya gari na kipaza sauti, ilitosha. Sauti ilivuka mto mpaka kilimani.

Krismasi ya mwaka sabini na tatu, mtu mmoja aliunganisha waya za betri kinyume. Moshi ukatoka nyuma ya sanduku, kwaya ikaendelea kuimba kwa makoo yake. Kesho yake Felista, kiongozi wa kwaya, alimletea Simioni lile sanduku kwenye mkokoteni wa punda.

"Fundi, kuna uhai humo?"

Simioni alifungua nyuma, akapima, akanusa. "Spika yenyewe nzima, dada. Kilichokufa ni amplifaya. Hizi transista mbili kubwa zimeungua."

"Basi weka nyingine."

"Nyingine nizitoe wapi?"

Alizitafuta Tarime mjini, akakuta maduka yenyewe yanasubiri sabuni. Akapanda lori mpaka Musoma; huko aliambiwa kwamba vitu vya namna hiyo vinangoja fedha za kigeni, na fedha za kigeni zenyewe zinangoja pamba. Ikabaki Kenya. Mama yake aliposikia, alimfungulia beberu wake mwekundu.

"Nenda naye mnadani," alisema. "Ile kwaya ikiimba bila lile sanduku, naona kama watu wanaolia ndani ya gunia."

Simioni alimuuza beberu, akavuka mpaka wa Kenya pale Sirari akaenda hadi Migori. Fundi mmoja Mjaluo alizigeuza transista zilizoungua kwenye kiganja, akatikisa kichwa. "Hii kitu, bwana, hata hapa ni shida. Lakini ngoja." Alichomoa mbili kutoka kwenye redio ya gari lililogongwa. Moja ilikuwa sawasawa na ile ya zamani. Ya pili ilifanana nayo, ila si pacha. "Itafanya," alisema yule fundi, "lakini itapata moto. Usiiache peke yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Simioni aliilehemu ile isiyo pacha, akaipigia bati la kupoozea nyuma, na spika ikafufuka. Ila kila ikisema kwa muda ilianza kukwaruza, na ilibidi fundi awe karibu aizime, aipepee, alegeze kiungo kimoja na kukikaza kingine. Pasaka watu walitoka mbali kuja kusikia. Mokami alikaa chini ya dirisha lake, amejifunga kitenge kipya, akimwambia kila aliyepita, "Unasikia? Beberu wangu huyo anaimba."

Mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Ulezi uliopatikana watu waliutia ghalani wakaufunga vizuri. Halafu ikaja Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini.

Tulikwisha kuambiwa tuhamie kijiji kipya bondeni, penye barabara, ambako ingejengwa shule na zahanati na bomba la maji. Wengine walihama. Watu wa kilimani walisema watahama wakishavuna, na walipovuna walisema watahama wakishazika mzee fulani, na mzee huyo hakuwa na haraka ya kufa. Siku moja asubuhi likaja Landrova na lori la mgambo. Ofisa aliyewaongoza, mtu mgeni kwetu, alikwenda moja kwa moja kanisani akaomba spika. Siwezi kusema aliomba. Waliifunga juu ya Landrova kwa kamba za katani.

Walipoijaribu ikakwaruza. Katibu wa kijiji, Heche, akasema, "Fundi wake yuko hapo tu."

Simioni alipanda nyuma ya gari akiwa na koleo mkononi. Alimwambia Ghati anakwenda kuangalia mali ya kanisa isiharibiwe, na hilo lilikuwa kweli.

Walivuka mto kwenye kivuko cha mawe. Ofisa alitangaza kwa Kiswahili chake kizuri, maneno marefu ya maendeleo. Kilimani watu walitoka, wakatazama, wakarudi ndani. Ofisa akamgeukia Simioni.

"Hawa wanasikia Kiswahili?"

"Wachache, ndugu."

"Wewe ni mtoto wa hapa. Waambie kwa lugha yao. Waambie watoke sasa hivi, wote, nyumba zitabomolewa. Ukiwaambia wewe hakuna atakayepigwa."

Simioni aliwatazama wale mgambo. Wengine walikuwa vijana anaowajua, na walikuwa na fimbo. Akakichukua kipaza sauti. Alisema kwa Kikurya: "Tokeni. Tokeni nje upesi, msingoje. Ni mimi Simioni wa Waitara ninayesema." Alilitaja jina lake ili waamini.

Majirani hawakuamini hata hivyo. Walisimama milangoni wakabishana na mgambo mpaka jua likapinda, na wakati wanaume wakibishana, wanawake walikuwa wakitoa ulezi ghalani kwa vikapu, na vyungu, na mawe ya kusagia, na milango yenyewe. Mokami peke yake ndiye aliyetoka mara moja. Alikuwa akichambua mboga. Alisikia sauti ya mwanawe inatoka juu, kubwa kuliko mtu, inamwambia asingoje. Akajua kuna jambo la kufa. Akaziacha mboga, akatoka mikono mitupu, akateremka mbio za kizee mpaka kwenye gari.

"Mura, mwanangu, kuna nini? Nani amekufa?"

Nyumba isiyo na mtu ndiyo iliyokuwa rahisi kuchoma, mgambo wakaanza na yake. Moto ukarukia ghala lake kabla Nashoni, aliyekuwa malishoni, hajafika.

Bondeni Mokami na Nashoni walipewa kiwanja kilichopimwa kwa kamba, jirani na watu wasiowajua. Nashoni alisimamisha kibanda cha nyasi. Waliokuwa wameokoa ulezi wao walikula. Mokami alikula kwa watu. Simioni alimpelekea unga kila alipoupata, na kila mara mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kama anavyoshukuriwa mgeni. Siku moja Simioni alishindwa kuvumilia.

"Mama, nitukane basi."

"Nikutukanie nini?" alisema Mokami. "Wale wote walitaka kuona kwanza. Mimi nilitoka kwa sababu ni wewe."

Mvua zilipoanza alipata kikohozi. Zahanati ilikuwa bado msingi na lundo la mawe. Alikufa kabla ya palizi.

Walimzika bondeni, si kilimani kwa mumewe. Simioni alipoinama kuchukua jembe ili atupie udongo, Nashoni alimshika mkono, polepole, mbele ya watu wote.

"Wewe acha," alisema. "Umeshafanya yako."

Hakuna mzee aliyemtetea Simioni. Felista, aliyekuja na kwaya bila spika, alianzisha wimbo, na wimbo ukamshinda katikati.

Baadaye spika ilirudishwa kanisani. Simioni alikwenda siku hiyo hiyo akaifungua, akazichomoa zile transista mbili, akamwambia Felista, "Atakayeitaka tena akatafute zake." Vijana walimpa Simioni jina la Mdomo wa Serikali, na watoto waliozaliwa baadaye walilitumia bila kujua limetoka wapi.

Miaka ikapita, na ule ukali wa vijiji ukalegea. Watu wa kilimani walianza kurudi mmoja mmoja, kwanza kulima, halafu kulala shambani, halafu kujenga. Nashoni alijenga palepale penye majivu ya zamani. Simioni alimfuata akaomba sehemu yake katika mji wa baba yao. Alikuwa ameshaota mvi.

"Nashoni, hata ningenyamaza wangechoma."

"Wangechoma," alikubali Nashoni. "Nimelifikiri sana hilo. Wangechoma, na mama angewatukana, na majirani wangemtolea ulezi wake kama walivyotoa wa kwao. Hilo tu."

"Kwa hiyo?"

"Chunga ng'ombe wako hapa ukitaka. Usijenge."

Simioni alirudi kibandani kwake kando ya barabara. Wanakutana mnadani, ndugu hao wawili, wanasalimiana, wanaulizana habari za mifugo. Ghati anasema mumewe siku hizi hatengenezi tena redio kwa kuongea nazo. Anapima, analehemu, anafunga, anampa mwenyewe.